Uzoefu wangu na mbegu za vitunguu vya Walla Walla: baridi hazikuogopa, pakiti ndiyo iliyonipotosha

Nilinunua pakiti moja ya mbegu za Walla Walla, kitunguu kikubwa cha manjano chenye jina la mji ulioko jimbo la Washington, Marekani. Asili yake ni kisiwa cha Corsica. Nilitaka kitunguu cha kusia mwishoni mwa joto, kilale shambani baridi yote, nikivune mapema kuliko vile vinavyosiwa baridi ikishapita. Nimekipata, ila si kwa miche yote.

Pakiti iliandikwa "sia Julai hadi Septemba", basi. Nikagawa mbegu mafungu mawili: la kwanza nikasia tarehe 1 Agosti, la pili tarehe 28. Mbegu zenyewe zilikuwa safi, nyeusi tititi, na zikaota ndani ya siku 8. Mche wa kitunguu hutoka udongoni umejikunja kama ndoana, kisha hujinyoosha huku umebeba ganda la mbegu kwenye ncha. Hapo muuzaji anastahili haki yake, maana mbegu za vitunguu huchakaa upesi, zikikaa zaidi ya mwaka mmoja au miwili nyingi haziamki.

Oktoba nikapandikiza miche 60 ya kila fungu, sentimita 10 kati ya mche na mche, kwenye tuta lililoinuka ili maji yasituame. Ile ya kwanza ilikuwa imenona, minene kuliko penseli, na nilijua hiyo ndiyo itakayonipa mavuno. Ya pili ilikuwa myembamba mno, nikaionea huruma.

Januari baridi ilifika nyuzi 14 chini ya sifuri. Nilikuwa nimelifunika tuta kwa kitambaa chepesi juu ya matao ya waya, lakini majani yalilala chini kama yaliyochemshwa. Nilifukua udongo kwa kidole pembeni mwa mche mmoja nikakuta shina jeupe, gumu, mizizi imeshika. Moyo ukatulia. Kazi ikawa kupita asubuhi nikiibana miche kwa vidole, kwa sababu ardhi ikiganda na kuyeyuka, ikiganda na kuyeyuka, huisukuma juu mpaka mizizi inabaki wazi. Kati ya miche 120 ilikufa 9 tu.

Pigo lilikuja Mei. Lile fungu lililonona likaanza kutoa mabua ya maua, leo mawili, kesho matano, hadi yakafika 38. Fungu jembamba lilitoa 4. Kitunguu ni mmea wa miaka miwili. Mche mnene ukikaa wiki nyingi kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 10 hivi, huona mwaka wake wa kwanza umekwisha, na joto likirudi hukimbilia kutoa mbegu. Mche mwembamba bado ni mchanga, baridi hiyohiyo huupitia tu. Kwa hiyo miezi mitatu ya kusia iliyoandikwa kwenye pakiti haimfai mtu anayetaka kulaza vitunguu shambani. Ilipaswa kutaja unene wa mche, na haikuutaja popote.

Niling'oa mwishoni mwa Juni, shingo zilipolegea na majani kulala. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa na gramu 480. Ladha ni ya upole, tamu, unakikata kibichi na macho hayawaki sana. Ila havikai ghalani: vina maji mengi, na baada ya wiki 6 vilianza kulainika shingoni. Anayetaka vya kuweka miezi mingi atafute aina nyingine.

Mbegu hizi nitazinunua tena bila kusita. Ukizijaribu, achana na miezi ya pakiti. Hesabu kurudi nyuma kutoka jalidi kali ya kwanza ya kwako, yaani baridi ya kugandisha, miche iikute ikiwa myembamba kidogo kuliko penseli. Pakiti yangu ya mwaka huu nimeifunga kikaratasi chenye tarehe moja: 25 Agosti.