Vitabu vya kujifunzia usanifu wa michoro: ununue kipi kwanza ukiwa Kisumu au Nakuru

Maktaba ya mwanafunzi wa usanifu wa michoro haihitaji vitabu 30. Vinne au vitano vilivyochaguliwa vizuri, boksi moja la sampuli za karatasi na lenzi ya kukuza mara 10 vinatosha mwaka mzima. Tumevipanga kwa kipimo kimoja: toa pesa pale ambapo karatasi yenyewe ndiyo somo, yaani rangi, wino na ukubwa wa ukurasa. Kilicho maandishi matupu kisome maktabani au kwenye simu.

Nafasi ya 1: Thinking with Type, Ellen Lupton

Kitabu cha herufi kinatangulia kwa sababu kazi za mwanzo huku kwetu ni za maandishi: kadi za harusi, mabango ya harambee, menyu za hoteli na hasa vijitabu vya mazishi. Kina sehemu tatu kuu: herufi, matini na gridi, yaani mistari ya kupangia vitu ukurasani. Toleo la kwanza ni la 2004, la pili 2010, la tatu 2024. La pili likipatikana kwa bei ya mtumba, lichukue bila wasiwasi. Kanuni za herufi hazikuchakaa katika miaka hiyo.

Mifano yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo ijaribu kwa Kiswahili mara moja. Chukua kijitabu cha mazishi cha ukubwa wa A5, upana milimita 148. Ukiacha pambizo za milimita 15 kila upande, unabaki na 118, na fonti ya kawaida ya pointi 11 itakupa takriban herufi 65 kwa mstari, urefu unaosomeka vizuri. Ukigawa ukurasa huo safu mbili, kila mstari unabaki na herufi 30 hivi. Maneno yetu ni marefu. Ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke, mapengo meupe yatashuka ukurasani kama mfereji. Panga kushoto tu. Zima pia kwenye kompyuta ukataji wa maneno wa Kiingereza mwishoni mwa mstari, maana utakuandikia "mipan-go" mahali pa "mipa-ngo".

Nafasi ya 2: Interaction of Color, Josef Albers

Hapa usikubali fotokopi wala PDF. Albers alikichapisha mwaka 1963 ili kufundisha kwamba rangi moja hubadilika machoni kulingana na jirani yake, na somo hilo linafia kwenye kivuli cha kijivu au kwenye skrini ya simu iliyopunguzwa mwanga. Angalia toleo kabla ya kulipa: matoleo madogo ya zamani yana picha chache za rangi, wakati lile la miaka 50, la 2013, lina nyingi zaidi. Ukiweza, subiri hilo.

Pamoja nacho nunua karatasi za rangi kwenye duka la vifaa vya shule, aina nyingi kadiri utakavyopata, na gundi ya kijiti. Zoezi la kuanzia: kata miraba miwili ya sentimita 3 kutoka karatasi ileile, uweke mmoja juu ya rangi nzito na mwingine juu ya rangi hafifu, mpaka ionekane kama rangi mbili tofauti. Usitumie rangi za maji. Mkono utakuwa unachanganya rangi badala ya jicho kuzilinganisha.

Nafasi ya 3: Grid Systems in Graphic Design, Josef Müller-Brockmann

Ni cha 1981, Kijerumani na Kiingereza sambamba. Kinafaa kununuliwa kwa sababu kurasa zake zenyewe zimepangwa kwa gridi anayoifundisha. Weka rula juu yake upime. Anaonyesha gridi za visanduku 8, 20 na 32. Anza na 8, uipangie kipeperushi cha A4. Ni kitabu kizito, kwa hivyo gharama ya usafirishaji huweza kukaribia bei yake. Agizeni watu watatu au wanne kwa mzigo mmoja.

Nafasi ya 4: The Elements of Typographic Style, Robert Bringhurst

Kilitoka 1992. Kizuri sana, ila kigumu kwa anayeanza; kinunue baada ya miezi 6, ukishakuwa na maswali. Ndicho kinachosema mstari uwe na herufi 45 hadi 75.

Azima, usinunue

Historia ya usanifu wa michoro iliyoandikwa na Philip Meggs ina kurasa zaidi ya 600 na bei inayolingana na uzito wake. Ulizia maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega, au za vyuo. The Non-Designer's Design Book cha Robin Williams kinasomwa kwa siku chache: utofautishaji, urudiaji, mpangilio na ukaribu, basi. Kipitishe kwa mwenzako.

Vyote hivi vinaitazama dunia kutoka Ulaya na Marekani. Afrikan Alphabets cha Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, cha mwaka 2004, kinaziba sehemu ya pengo hilo. Ukikipata kwa bei unayoimudu, usikiache. Na nunua kanga moja. Pindo (ukingo), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake) ni mpangilio kamili wa ukurasa, na hakuna kitabu kitakachokufundisha vizuri zaidi namna ya kuweka sentensi moja ndani ya fremu.

Usiguse

Vitabu vya programu za kompyuta huzeeka kabla hujavimaliza. Mikusanyo ya nembo hufundisha kunakili. Vitabu vya sampuli za rangi za Pantone ni ghali na hufifia; badala yake omba kwenye duka la uchapaji unalotumia karatasi moja ya majaribio ya rangi nne, iliyotoka kwenye mashine yao. Omba pia vipande vya karatasi za gramu 80, 130, 170 na 300 kwa mita ya mraba, uandike uzito nyuma ya kila kimoja. Hilo ndilo boksi lako la sampuli, na mara nyingi utalipata bure ukienda wakati hawana foleni.

Ukikagua mtumba

Kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini, fungua kitabu katikati kabisa utafute uzi. Kilichoshonwa hulala wazi mezani. Cha gundi kavu hulia na kuachia kurasa. Hesabu kurasa za picha, maana hukatwa na watu. Kisha weka lenzi juu ya picha ya rangi: chapa halisi ya ofseti, yaani ya mashine kubwa ya uchapaji, ina vitone safi vya samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Nakala iliyopigwa kutoka nakala huonyesha vitone vilivyovimba na mawimbi juu ya picha.

Kisumu ina unyevu, na karatasi inayong'aa ikilowa hugandana moja kwa moja. Rafu ikae sentimita 5 mbali na ukuta na mbali na dirisha. Kitabu kikinyeshewa, usikiache kikauke kikiwa kimefungwa: tenganisha kurasa zingali na maji, weka karatasi nyeupe za kunyonya katikati, na uzibadilishe kila zinapolowa.