Ujuzi wako adimu: video za YouTube au kitabu cha kidijitali?

Tuseme unajua kurekebisha cherehani za zamani. Uzi ukikatika kila baada ya mishono michache, wewe husikia tu mlio ukajua sindano imewekwa kinyume au uzi umekazwa kupita kiasi. Ujuzi huo unauzika. Swali ni uupitishe njia ipi.

YouTube ina faida moja ambayo kitabu hakiifikii: mkono unaonekana. Mtu anaona skrubu ikilegezwa robo mzunguko, anafanya vivyo hivyo, mashine inashona. Lakini pesa huchelewa. Ili upate mgawo wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90). Ukishakubaliwa, asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu ni yako. Kwa fani finyu watazamaji wenyewe ni wachache, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno.

Kitabu hakihitaji umati. Amazon hulipa mrabaha wa asilimia 35 au 70, kutegemea bei na soko, na hata mnunuzi wa kwanza anakuingizia kitu. Ugumu wake ni kueleza mlio kwa maneno.

Mimi ningeanza na kitabu, kisha nitoe video chache za kumwelekeza mtu kwenye kitabu hicho. Maswali ya watazamaji yatakuwa sura za toleo la pili.