Mtaa wa Paris ukutani: nakala ya Pissarro inayouzwa Kisumu

Duka moja la fremu katikati ya Kisumu linauza "Rue Saint-Lazare", picha ya mtaa wa Paris ya mchoraji wa Kifaransa Camille Pissarro, saizi ya A3, kwa shilingi 4,500 pamoja na fremu. Kibandiko cha nyuma kinasema ni litografia, yaani chapa ya mchoro uliochorwa juu ya jiwe au bati. Siyo. Ni nakala ya ofseti, yaani picha iliyochapwa kwa mashine kama bango au jarida, na kwa nakala ya ofseti bei hiyo ni ya juu.

Kuitambua ni kazi ya dakika moja ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10. Iweke juu ya sehemu yenye kijivu: utaona vidoti vimejipanga safu kwa safu. Litografia halisi haina vidoti hivyo. Pissarro aliuchora mtaa huu kwa litografia mwaka 1897. Katika ufundi huo, mchoro huwekwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe au bati la zinki, kisha bati hulowanishwa. Mafuta hushika wino, maji huukataa. Karatasi ikigandamizwa hapo hutoka na chembechembe zisizo na mpangilio, kama makaa yaliyopitishwa kwenye ukuta wa plasta. Sahihi nayo isikudanganye, kwani hapa imechapwa pamoja na picha. Sahihi halisi ya penseli hung'aa kidogo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

Mchoro wenyewe, hata hivyo, ni mtamu. Watu ni mikwaruzo mitupu, sura hakuna, na bado unaona wana haraka.

Balaa ni fremu. Kioo kimelalia karatasi, na kwa unyevunyevu wa ziwani, mvuke hunaswa hapo: karatasi inafanya mawimbi, kuvu inafuata, mwishowe wino unagandamana na kioo. Hadibodi ya nyuma ina asidi, nayo huigeuza karatasi kuwa ya manjano. Pembe zote nne zimebanwa kwa selotepu, kwa hiyo karatasi haina pa kutanukia.

Picha bila fremu ni shilingi 1,200, na wanapunguza. Chukua hiyo, ivingirishwe kwenye bomba pana, isikunjwe. Kisha mwambie fundi akate dirisha kwenye kadi isiyo na asidi, unene wa milimita 2, ikae kati ya picha na kioo. Kadi nyingine kama hiyo ikae kati ya picha na hadibodi. Picha ishikwe upande wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi vilivyobandikwa kwa uji wa ngano. Abandike pia vipira viwili nyuma ya pembe za chini za fremu ili hewa ipite, na usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua.