Kuzamia kwenye matumbawe ya Mafia ukitokea Mwanza: uzoefu wangu

Nilipomwambia shangazi yangu wa Kirumba kwamba nakwenda Mafia kuzamia, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza meli yenyewe inaelekea nchi gani, kwa kuwa kwa watu wengi mzamiaji ni yule anayejificha melini ili afike Ulaya bila nauli. Mimi nilikwenda kuzamia kwa maana ya asili, yaani kushuka chini ya bahari nikiwa na mtungi wa hewa mgongoni, katika Ghuba ya Chole, kwa siku tatu za mwezi Februari. Tathmini hii nawaandikia wenzangu wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya safari yaliandikwa kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam au wageni wa ng'ambo, na jambo lililokaribia kuniponza linamhusu hasa mtu anayerudi Mwanza.

Kituo nilichokitumia kiko Utende, kijiji ambacho huduma nyingi za mbizi kisiwani humo zinapatikana. Sijawahi kusomea mbizi, hivyo nilichukua mafunzo ya awali, ambayo hayamruhusu mwanafunzi kuvuka mita 12 na humtaka awe pembeni ya mwalimu muda wote. Asubuhi ya kwanza tuliitumia kwenye bwawa, tukijifunza kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani, kukiokota kifaa cha kupumulia kikidondoka mdomoni, na kanuni moja ambayo mwalimu aliirudia hadi nikaisikia usingizini: usizuie pumzi kamwe. Katika hili sina lawama, kwani mwalimu alikuwa kijana wa kisiwani mwenye subira, alifundisha kwa Kiswahili kizuri na hakunicheka nilipokosea ishara za mikono. Nilikosea kwa sababu nilipotaka kumjulisha kwamba niko salama nilimwonyesha dole gumba, ilhali chini ya maji dole gumba lina maana ya "tupande juu". Tulipanda mara mbili kabla sijazoea kuunganisha kidole cha shahada na gumba.

Mimi nimejifunza kuogelea Igombe, nikaamini kwamba maji ni maji. Kumbe maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa na humbeba mtu zaidi, kiasi kwamba vipande vya madini ya risasi nilivyofungwa kiunoni ili niwe mzito havikutosha, nikawa naelea kama ndoo tupu hadi vikaongezwa viwili. Masikio nayo yalinisumbua katika mita za mwanzo, kwa sababu mgandamizo huongezeka upesi hapo: ukifika mita 10 tu umekuwa maradufu ya ule wa juu. Dawa yake ni kubana pua na kusukuma pumzi taratibu, tena mapema kabla maumivu hayajaanza. Mwenye mafua asijaribu.

Niseme sasa kuhusu matumbawe yenyewe, maana ndiyo yaliyonitoa Mwanza. Ziwani, nikifumbua macho ndani ya maji, naona ukijani na mkono wangu mwenyewe, basi. Hapa niliona mbali kiasi cha kumhesabia mwalimu mapezi yake alipokuwa amenitangulia hatua nyingi. Matumbawe mengine yamechanua kama meza pana, mengine yana matawi kama pembe za swala, na mengine ni mabonge makubwa yaliyojikunja kama ubongo. Yote hayo ni makazi yaliyojengwa na wanyama wadogo laini, wanaoishi pamoja na mimea midogo isiyoonekana kwa macho ambayo huwapa chakula na rangi. Nilimwona pono akiguguna mwamba, na sauti ya meno yake ilisikika waziwazi. Nikamwona mkunga akichungulia pangoni huku akifungua na kufumba kinywa, nikadhani amekasirika, kumbe ndivyo anavyopumua. Kasa mmoja alitupita bila kutujali. Kitambaa chekundu nilichokuwa nimefunga mkononi kilionekana cha kahawia, kwa kuwa maji huimeza rangi nyekundu kabla ya nyingine.

Kilichonigusa zaidi, na huenda mtu wa pwani asikione hivyo, ni ule wingi wa samaki wadogo wa kila rangi. Wazee wetu wa Mwaloni husimulia juu ya furu wa zamani, kabla sangara hajatawala ziwa, na mimi nilikuwa nikisikiliza kama hadithi. Palepale chini nikajua walikuwa wanaeleza kitu gani. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mahali ni pazuri namna hiyo. Mbizi ya pili ilitupitisha kwenye uwanja wa matawi yaliyokufa na kuvunjika, na mwalimu alieleza baadaye kwamba joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani yetu, na kwamba uvuvi wa baruti nao ulikuwa na sehemu yake. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995.

Sasa lile jambo la kurudi. Fomu ya kituo, iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu, iliniuliza kuhusu pumu, moyo na ujauzito. Hakuna mtu wa ofisini aliyeniuliza naondoka lini wala nakwenda wapi. Aliyeuliza ni nahodha wetu, mzee wa Chole, siku ya mwisho tulipokuwa tunarudi nchi kavu.

"Bara wapi, mwanangu?"

"Mwanza, mzee. Naondoka kesho alfajiri."

"Kwa ndege? Hujakaa, wewe."

Alikuwa sahihi. Mzamiaji huvuta hewa ya kawaida, ambayo zaidi ya robo tatu yake ni naitrojeni, na mgandamizo wa kule chini huiyeyusha mwilini kwa wingi kuliko kawaida. Inahitaji muda kutoka kidogo kidogo kupitia mapafu. Mtu akiwahi kupanda penye hewa nyepesi, naitrojeni hiyo hugeuka mapovu ndani ya mwili na kuleta maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Kwa aliyezamia mara kadhaa ushauri ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, na vituo vingi hupendelea 24. Mimi nilikuwa nimebakiza 15. Watakaosema wapande basi wakumbuke kwamba Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Singida iko juu zaidi, na hata ziwa letu lenyewe lipo kwenye mita 1,134 hivi. Sisi tunaona ufuko na mitumbwi, tukajihesabu watu wa bondeni, kumbe tunaishi mlimani.

Nilibadilisha tiketi kwa gharama yangu, na siku ya ziada nikaimaliza kisiwani Chole nikitazama popo wakubwa wanaoning'inia mtini mchana kutwa. Niliporudi ofisini kulalamika, meneja aliomba radhi na kusema swali hilo litaongezwa kwenye fomu. Sijaiona fomu mpya.

Bei ilitajwa kwa dola, jambo linaloudhi ndani ya nchi yako, ingawa kiingilio cha hifadhi raia hulipa kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho cha taifa. Nenda msimu wa kaskazi, maana kusi huchafua maji na kufunga baadhi ya maeneo. Vifaa vilikuwa safi na mitungi imejaa. Chakula cha botini kilikuwa cha kawaida.

Nimepanga kurudi mwezi Novemba kusomea cheti kamili, ambacho huruhusu mita 18, na tiketi ya ndege nitaikata ya siku mbili baada ya mbizi ya mwisho. Nahodha ameshaagiza dagaa wa Mwanza, wale waliokaangwa, si wa kuanika.