Nataka pindo peke yake, napewa leso nzima

Wallahi programu hii ya kulipia, ya kuhariri picha, imenichosha. Kazi ni picha za leso (kanga) za maduka ya Biashara Street, hapa Mombasa. Mwenye duka anapiga picha leso yenye pindo jekundu, na mtindo huo huo anao wa bluu na wa kijani, hivyo unachagua wekundu wa pindo, unageuza rangi, unampelekea. Tangu waibadilishe majuzi, ukibofya pindo inazoa kila chekundu kilichomo: maua ya mji (sehemu ya katikati ya leso), herufi za jina (maneno yaliyoandikwa), hadi kucha za aliyeishika.

Kifimbo cha kuchagulia rangi kina njia mbili. Moja huanzia pikseli (nukta ndogo ya picha) uliyobofya, inasambaa jirani kwa jirani na kusimama pale rangi inapobadilika. Nyingine inakusanya rangi inayofanana popote ilipo. Kinachoamua ni tiki moja tu, na humu tiki hiyo sasa inajizima kila ukifungua picha mpya, tena wameifukia ndani kabisa ya menyu. Kizingiti nacho, kile kipimo cha 0 hadi 255 cha kusema rangi itofautiane kiasi gani ndipo iachwe, wamekiondoa wakaweka otomatiki. Otomatiki haijui pindo wala mji!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lao: picha zangu ni duni, nitafute simu nzuri. Hata kuomba waione picha yenyewe hawakuomba. Ni ufidhuli tu, kwa mteja anayewalipa.

Picha hiyo hiyo nimeifungua kwenye GIMP, programu ya picha ya bure. Kizingiti chake huja kikiwa kimewekwa 15, na rangi bapa ya leso iliyonyooshwa haihitaji zaidi ya hapo. Ikiwa na mikunjo, usikimbilie kupandisha namba, maana ukifika 60 unachukua na kahawia ya meza. Badilisha kigezo kiwe 'HSV Hue', yaani aina ya rangi peke yake: kivuli hupunguza mwanga wa nyekundu, lakini bado ni nyekundu, kwa hiyo mikunjo mingi inaingia kwa mbofyo mmoja. Palipo karibu na weusi hapakamatiki hivyo, ongeza kwa kushika Shift. Kilichozidi, toa kwa Ctrl. Na ukiona uteuzi umevuja kutoka pindo hadi mji ilhali umetumia Fuzzy Select, kifimbo chake cha jirani kwa jirani, vuta picha karibu utazame: uzi mmoja mwekundu unaokatiza mstari mweupe ni daraja tosha. Kabla ya kugeuza rangi, panua uteuzi kwa pikseli 1, la sivyo utabaki na utepe wa waridi kuzunguka pindo lako la bluu. Halafu geuza aina ya rangi tu, usimwage rangi juu, ndipo mikunjo ibaki kama ilivyo.

Niwape haki yao kidogo. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa upya, na JPEG, muundo wa faili za picha hizo, hubana kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, huku rangi mara nyingi ikihifadhiwa kwa ukali mdogo kuliko mwanga. Ndiyo maana nyekundu huchuruzika hadi kwenye mstari mweupe. Mwambie mwenye duka aitume kama dokumenti. Zangu zilitumwa kama dokumenti, kwa hiyo lawama yao haikuwa na msingi.

Na kusema kweli, ukiishinda hiyo tiki, ukingo unaotoka kwenye hii ya kulipia ni safi kuliko wa GIMP. Nyuzi za pindo zinabaki nyuzi, hazifanyi ngazi. Kwa hilo peke yake ningesema ilipiwe.

Lakini hapana. Ukingo safi wa kitu nisichokichagua una faida gani? Doti ishirini za leso, kila picha uingie menyuni kuwasha tiki uliyoiwasha dakika moja nyuma, na ukiuliza unaambiwa simu yako mbovu. Mwezi huu ukiisha silipi tena, mpaka tiki ikae ilipowekwa na kizingiti kirudi na namba zake.