Hita ya kabini ya lori la dizeli: uliza namba ya chini kwanza

Kila majira ya baridi yakiingia, malalamiko ninayopokea kwa madereva ni yale yale. Mtu kanunua hita ya dizeli iliyoandikwa kilowati 8, kaifunga kwenye kabini, na mwanzoni inapuliza joto hadi anavua koti. Baadaye inaanza kutoa moshi mweupe, inagoma kuwaka alfajiri, na mwisho inakufa usiku ule ambao theluji imefunga barabara. Muuzaji akiulizwa anasema mafuta yalikuwa machafu. Mara nyingi mafuta hayana kosa lolote. Hita ilikuwa kubwa mno kwa kabini ile, na aliyeiuza hakusema.

Kwa hiyo sitazungumzia rimoti, wala kioo cha kudhibitia, wala rangi ya kasha. Nataka uulize jambo moja kabla ya yote: hita hii ikishushwa hadi mwisho, inatoa wati ngapi?

Kabini ya lori ni chumba kidogo. Kuipasha kunahitaji nguvu, lakini ikishapata joto, kuitunza hivyo usiku kucha ni kazi ndogo. Hita kubwa ikiwekwa humo hukaa karibu muda wote kwenye kiwango chake cha chini, na moto ule mdogo hauichomi dizeli ikaisha. Yanabaki masizi. Yanaganda kwenye kuta za chumba cha kuchomea, yanaziba wavu mdogo unaoizunguka hita plagi, yaani plagi inayopata moto na kuwasha mafuta, hewa inapungua, masizi yanaongezeka zaidi, hadi siku moja unabonyeza kitufe na hakuna kinachowaka. Wanunuzi wanashindania namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, na namba ndogo ndiyo itakayoamua kama utalala na joto mwaka wa pili.

Wapo wanaosema waache injini iwake tu. Injini ya dizeli ikinguruma bila mzigo huvuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo, ndiyo maana joto linalofika kwenye maji ya rejeta ni haba na sindano ya joto hushuka lori likiwa limesimama. Na bado injini ya lori kubwa hunywa kama lita 3 kwa saa ikiwa imesimama. Hita ndogo ya dizeli haifikishi hata theluthi moja ya lita.

Chaguo langu la kwanza ni Eberspächer Airtronic D2, ambayo Amerika Kaskazini imeuzwa kwa jina la Espar. Naipendelea waziwazi. Inashuka hadi wati 850 na kupanda hadi 2,200, ikitumia kati ya lita 0.10 na 0.28 za dizeli kwa saa. Ikishawaka, umeme inaoutumia ni kati ya wati 8 na 34, kwa hiyo betri isiyo mbovu huamka asubuhi ikiwa bado na nguvu ya kuzungusha stata. Kitu kinachonifanya niisifu kila mara ni vipuri: unaweza kuifungua, ukabadilisha gasketi, wavu na hita plagi, ukaifunga tena ikaendelea na kazi. Ipo ya volti 12 na ya volti 24. Soma kibandiko kabla hujalipa, maana pikapu nyingi ni 12 na malori mengi makubwa ya Ulaya ni 24.

Ya pili ni Webasto Air Top 2000 STC, ambayo huanzia wati 900 na kuishia 2,000. Tofauti ni ndogo sana. Kama fundi wako anaijua Webasto kuliko Eberspächer, chukua Webasto bila wasiwasi.

Ya tatu ni hita za maji, kama Hydronic ya Eberspächer au Thermo Top ya Webasto, za kilowati 5 hivi. Hizi hupasha maji ya injini, kisha joto likatoka kwenye matundu ya dashibodi. Kwa anayetaka injini iwake kirahisi kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, ni chombo kizuri mno. Kwa kulala, hapana: feni ya lori lenyewe lazima izunguke usiku kucha, nayo inakula betri.

Zile za bei ya chini zisizo na jina: ukilazimika, chukua ya kilowati 2, na ubadilishe vibano vya ekzosi na mpira wa mafuta siku ile ile. Vihita vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara achana navyo. Fyuzi ya ampea 15 kwenye volti 12 haipitishi zaidi ya wati 180. Na kama baridi inakupata lori likiwa mwendoni, badilisha kwanza thamostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, na uzibe grili kwa pazia lake. Huenda huhitaji hita kabisa.

Sasa wauzaji. Nimeona kasha lile lile, lenye chumba cha kuchomea kile kile, likiitwa kilowati 5 kwa mmoja na 8 kwa mwingine, na bei imepanda kufuata kibandiko. Kiwango cha chini hakiandikwi popote. Ukiomba wavu wa hita plagi, kipande kisichozidi ukubwa wa kidole, unaambiwa ununue kichomeo kizima. Huu ni unyonyaji wa watu wanaolala kwenye theluji ili bidhaa za wengine zifike, na unanikera kila mwaka. Muuzaji asiyeweza kukutajia namba ya chini wala kukuuzia gasketi peke yake, mwache na boksi lake.

Ukishanunua, ekzosi itoke nje kabisa ya kabini, ielekee chini, mbali na bomba linalovuta hewa. Kengele ya kaboni monoksidi iwekwe karibu na kitanda. Gesi hiyo ya sumu haina harufu. Kabla ya kuizima hita asubuhi, ipandishe hadi mwisho kwa dakika 20 hivi ili iunguze masizi ya usiku. Usiizime kwa kukata swichi ya betri, kwa sababu feni inahitaji dakika chache kupoza chumba cha kuchomea. Na hata wakati wa joto iwashe mara moja kwa mwezi, dakika 10 tu, mafuta yasigande kwenye pampu.