Uzoefu wangu: Gari la kukodi lenye hema juu ya paa, kandokando ya Ziwa Albert

Mimi ni muuguzi mstaafu na mume wangu ni askari polisi mstaafu, tunaishi Bombo, Uganda. Kwa kuwa miaka yote ya kazi likizo zetu zilipishana, tulipostaafu tulitaka safari moja ya polepole: kuanzia Hoima, kuteremka hadi Butiaba, kupita Buliisa hadi Wanseko, kisha kuvuka kwa kivuko hadi Panyimur na kumalizia kwa ndugu zangu Pakwach. Tulikodi Kampala Land Cruiser lenye hema linalofunguliwa juu ya paa, pamoja na jiko la gesi, meza, viti na jokofu dogo. Naandika kwa ajili ya wazee wenzangu, kwa sababu habari nyingi za magari ya namna hii huandikwa na vijana, na yale yanayomgusa mtu wa umri wetu hayatajwi kabisa.

Gari lenyewe sina la kulilaumu. Barabara ya Hoima, Butiaba hadi Wanseko, yenye urefu wa kilomita 111, imetiwa lami kutokana na shughuli za mafuta, kwa hiyo asiyekusudia kuiacha anaweza kwenda hata kwa gari dogo. Nguvu ya Land Cruiser huonekana unapoiacha lami na kufuata njia za mchanga zinazokwenda kwenye mialo ya wavuvi. Panapotaka uangalifu ni mteremko wa kuingia Bonde la Ufa, kwa maana ziwa liko chini sana, kiasi cha mita 619 tu juu ya usawa wa bahari, na hema lililo juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona. Mume wangu aliteremka kwa gia ndogo bila kung'ang'ania breki, na kila lori lililotaka kutupita alilipisha.

Hema hufunguliwa na watu wawili bila taabu, na godoro lake ni nene kuliko nilivyotarajia. Mgongo wangu, ambao hunisumbua hata nyumbani, haukulalamika. Shida ni ngazi. Ni ya alumini, na vipandio vyake ni vyembamba na vya mviringo, hivyo ukiteremka bila viatu nyayo huuma, na ukiteremka na kandambili unateleza. Mtu aliyevuka miaka sitini huamka usiku kwenda haja, na usiku ndio wakati ambao viboko hutoka majini kuja kula nyasi nchi kavu. Mwenye kampuni alipotueleza jinsi ya kutumia hema hakuligusia jambo hili hata kidogo. Tulichofanya ni kuchana kitenge cha zamani na kukizungushia kila kipandio, safu juu ya safu, tukakaza mafundo upande wa chini ili mguu usiyakanyage. Pia tulipanda kulala na ndoo yenye mfuniko. Sioni aibu kuliandika hili. Mzee akianguka kutoka kwenye ngazi hiyo na kuvunjika nyonga akiwa mbali na hospitali, safari imekwisha, na pengine si safari peke yake.

Butiaba ndipo tulipojifunza upepo. Jioni ulivuma kutoka ziwani ukalisukuma hema ubavuni hadi gari zima likatikisika. Kijana mmoja wa mwaloni akamwambia mume wangu, "Mzee, geuza gari, pua itazame ziwa," na tulipogeuza, mtikisiko ukapungua sana. Mtu asipige kambi karibu na maji kwa sababu tu ufuo unapendeza: ziwa hili hupanda. Bandari ya Butiaba iliharibiwa na mafuriko ya miaka ya 1960, na mwaka 2020 maji yalipanda tena yakawahamisha watu wengi. Usiku zimeni taa mapema, kwa kuwa wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga kwa makundi makubwa, na wengine hupenya kwenye matundu ya wavu wa dirisha.

Lawama yangu kubwa ya pili ni kwa turubai la kivuli linalotandazwa ubavuni mwa gari, ambalo ni la bluu iliyokoza. Kila mtu aliyefanya kazi ya afya katika sehemu hizi anajua kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta. Kule Buliisa, karibu na hifadhi ya wanyama ya Bugungu, tulipolitandaza tu walikuja, tukaumwa hata juu ya nguo, ikabidi tulikunje na kukaa chini ya mti. Kampuni inayopeleka wateja upande wa mbuga ya Murchison Falls inapaswa kuwa na turubai la kijivu au la rangi ya udongo. Naongeza neno la kiuguzi: msioge wala msifue ufuoni, kwa maana Ziwa Albert lina kichocho kingi. Gari lina tangi la maji, nalo lilitutosha kuoga kwa kopo kila jioni.

Jokofu lilifanya kazi vizuri gari lilipokuwa likitembea, lakini tukikaa mahali pamoja kuanzia asubuhi hadi jioni betri yake ilichoka, kwa hiyo samaki tulinunua wa kula siku hiyohiyo. Hilo halikutusikitisha, maana ngege aliyetoka majini asubuhi, akapakwa chumvi ya Kibiro, kijiji cha ufuoni, tuliyonunua mjini Kigorobya, hahitaji jokofu. Kiswahili kilitufaa kila mwalo tuliopita, kwa wavuvi Waganda na kwa Wakongo waliovuka, na bei tulizopewa zilikuwa za heshima.

Tulirudisha gari Kampala, na amana yetu tukarudishiwa yote bila mabishano. Tumeshaweka nafasi ya gari lilelile kwa kiangazi kijacho, na katika mkataba tumeandikisha kwamba ngazi itakuwa yenye vipandio vipana na vya bapa.